Mjadala: Aliyetoka kuvuta sigara akae dakika ngapi kabla hajarudi sakafuni?

Mratibu wa Jumamosi

Wadau, habari za mchana. Kuna pendekezo nalileta lichambuliwe na wanaocheza wenyewe. Kwenye usiku wa dansi za kushikana, iwe waltzi na foxtroti au rumba, bachata na kizomba, aliyetoka nje kuvuta asirudi sakafuni mpaka zipite dakika 45.

Dakika hizo nimezitoa Japani. Mwaka 2018 mji wa Ikoma uliwakataza wafanyakazi wake kupanda lifti ya manispaa ndani ya dakika 45 baada ya kuvuta, kwa kuwa pumzi ya mvutaji huendelea kutoa mabaki ya moshi hata sigara ikishazimwa. Na kwenye lifti watu wamesimama tu, kila mmoja anatazama mlango. Bachata mtu amekuegemea dakika nne nzima.

Kuvuta ndani ya ukumbi sikuzungumzii, sheria ilishamaliza: Tanzania 2003, Kenya 2007, Uganda 2015. Nazungumzia aliyetoka, akavuta, akarudi na kunyoosha mkono kuomba wimbo. Mnasemaje?

Kiuno Huru

Mkuu, piga hesabu kwanza. Wimbo dakika nne, basi 45 ni nyimbo 11. DJ akipanga salsa tatu bachata mbili, umeninyima mizunguko miwili na ziada. Usiku wa saa nne nikivuta sigara tatu, dakika 135 ni za kifungo. Ondoa na dakika za kuvuta kwenyewe, kama saba kila moja, sakafuni nabaki na dakika 84. Kiingilio nimelipa sawa na wengine.

Semeni wazi kwamba wavutaji hamtutaki. Lifti ni sanduku lililofungwa, ukumbi una feni na madirisha.

Dada Foxtroti

Feni haipiti kati ya pua yangu na kola yako, kaka.

Tuangalie mshiko wenyewe. Kwenye waltzi, foxtroti na kwikistepu mwanamume anashika mkono wa kulia wa mwenza kwa mkono wake wa kushoto, na mikono hiyo iliyoungana hukaa usawa wa macho ya aliye mfupi. Kwa hiyo anayeshikia sigara mkono wa kushoto ameleta vidole vyake mbele ya uso wa mwenzake, na vitakaa hapo wimbo mzima. Anayeshikia mkono wa kulia, mkono ule hukaa chini ya mfupa wa bega la kushoto la mwanamke, harufu inahamia kwenye gauni. Na vichwa: kila mmoja anatazama kushoto kwake, maana yake mwanamume anapumulia juu ya bega la kulia la mwenza, jirani na sikio. Hapo angalau midomo imepishana. Kizomba ni paji kwa paji, hakuna pa kukimbilia.

Bigijii haisaidii. Inaficha mdomo dakika chache, haifiki mapafuni, haifiki kwenye vidole wala kwenye koti. Koti la sufu ndilo baya kuliko yote, linanyonya moshi na halifuliwi kila wiki. Gauni la mashindano lenye mawe ya kubandikwa na manyoya ya mbuni ndiyo usiseme, huwezi kulitia mashine, na manyoya yakishashika harufu yanakaa nayo siku nyingi.

Anayetaka kujisaidia kweli avue koti kabla ya kutoka, anawe mikono kwa sabuni mpaka vifundoni, asukutue, abadilishe shati. Atafune iliki au karafuu kama wenzetu wa Mwambao. Kupuliza marashi juu ya moshi ni kuongeza harufu ya pili juu ya ile ya kwanza.

Babu Dansi

Wanangu, mnaifanya dansi iwe wodi. Dansi ya kushikana ilipoingia kwetu, kwenye klabu za Tanga na Dar es Salaam za miaka ya 1930, watu walijifunza foxtroti na waltzi wakiwa na suti na tai, na hakuna aliyehesabiwa dakika. Hata Argentina, wenye dansi yao ya tango, wanavuta mle mle ndani ya ukumbi na dansi inaendelea.

Harufu kidogo ni sehemu ya ukumbi. Isipokuwa mwanamke akivuta. Hapo ndipo haipendezi.

Rumba Lunga

Babu, ya Argentina imepitwa na wakati. Buenos Aires ilipiga marufuku kuvuta ndani ya sehemu za umma tangu 2006, na mwaka 2011 ikaja sheria ya nchi nzima. Wacheza tango wanasimama nje ya mlango kama wetu. Uingereza nayo ilifunga tarehe 1 Julai 2007, na ule ukumbi wa Empress wa Blackpool, ambako mashindano ya dansi yanafanyika tangu 1920, hakuna anayewasha humo.

Dada Foxtroti

Babu yangu, shikamoo. Heshima yako iko palepale, ila hilo la mwisho silipitishi.

Tumbaku ni ileile, mwili ni uleule. Kama harufu kwenye shingo ya mwanamke haipendezi, kwenye kola ya mwanamume inapendezaje? Na mwanamke ndiye anayeipokea zaidi, kwa sababu mara nyingi yeye ndiye anayeombwa. Ukumbi ukiwa na wanaume kumi na watano, sita kati yao wavutaji, mwanamke mmoja kwa usiku mmoja anakaa kifuani mwa wote sita. Mwanamume mvutaji anakaa na harufu yake mwenyewe tu.

Babu Dansi

Marahaba binti yangu. Sikusema wanaume wananukia maua. Nimesema kwa desturi zetu.

Mwana Kisauni

Desturi gani Babu? Huku Pwani bibi zetu walitafuna tumbaku na uraibu wao wa tambuu baraza zima, na hakuna aliyesema haipendezi. Kilichokuchoma ni sigara au ni mwanamke kuishika?

Kiuno Huru

Wanawake wanaotoka nje kuvuta wapo wengi, na nusu yao wanajificha nyuma ya gari kwa sababu ya maneno kama hayo ya Babu. Kisha mnashangaa kwa nini wanarudi wamejipulizia marashi chupa nzima.

Babu Dansi

Basi, nimeliondoa hilo la wanawake. La dakika 45 bado nalipinga.

Kocha wa Hatua

Nashangaa tunabishana juu ya harufu na kuacha pafu.

Kaboni monoksaidi ya sigara hushikana na himoglobini kwa nguvu inayozidi ya oksijeni zaidi ya mara 200. Ikishaingia kwenye damu, nusu yake tu hutoka kwa saa nne hivi kama unapumua hewa ya kawaida. Sasa chukua raundi ya mashindano ya dansi tano: waltzi, tango, waltzi ya Vienna, foxtroti, kwikistepu, kila moja dakika moja na nusu, na mapumziko ni ya kubadilisha wimbo tu. Waltzi ya Vienna inakwenda vipimo (bari za muziki) 58 hadi 60 kwa dakika, vya mapigo matatu. Kwikistepu vipimo 50, vya mapigo manne, mapigo 200 kwa dakika. Aliyevuta mbili saa moja kabla ameingia na damu isiyobeba oksijeni kamili, na kwikistepu ndiyo ya mwisho.

Kinachoharibika kinaonekana hata kwa asiye mwamuzi. Pumzi ikipungua mabega hupanda. Mabega yakipanda kiwiko cha kushoto hushuka, fremu, yaani umbo la mikono na mabega ya mshiko, inafungwa, mwenza anakosa nafasi ya kichwa, na miruko ya kwikistepu inachelewa nusu pigo. Watu husema "amechoka miguu". Miguu ni mizima, kilichochoka ni mwili wa juu.

Kwa hiyo dakika 45 za ukumbini ni za pua za wengine. Kwa mvutaji mwenyewe hazina faida. Anayeshindana asubuhi asivute tangu usiku, hiyo ndiyo saa yake.

Na wale wanaovuta ili wabaki wembamba waache kujidanganya. Nikotini inapunguza hamu ya kula, kweli. Lakini uvutaji unachelewesha mifupa na kano kupona, na mcheza dansi bila kifundo cha mguu kilichopona hana cha kuonyesha kwenye huo wembamba.

Kisigino

Kocha kamaliza. Mimi naongeza dogo tu. Msichojua, ubaya mkubwa wa wavutaji ukumbini si harufu. Ni kutoka uani na viatu vya dansi.

Kiuno Huru

Dogo gani hilo. Viatu vyangu vinakuhusu nini?

Kisigino

Vinanihusu kwa sababu nacheza nyuma yako.

Soli ya kiatu cha dansi ni swedi, ngozi yenye vinyweleo vifupi. Vile vinyweleo ndivyo vinavyokupa kuteleza kwa kipimo: unazunguka unapotaka, unasimama unapotaka. Ukitoka nayo uani unakanyaga mambo matatu. Umande au maji ya bomba, yanalaza vinyweleo na vikikauka vinashikana, soli inang'aa kama kioo. Mchanga, unajikita kwenye ngozi na kila ukizunguka unachora sakafu kama msasa. Na majivu, ambayo yakikutana na unyevu yanakuwa tope laini. Unarudi ndani, hatua zako kumi za kwanza umepaka tope hilo kwenye njia ambayo kila mtu anapita, kwa sababu kwenye waltzi na foxtroti wote tunazunguka ukumbi kinyume cha saa, njia ni moja.

Mama Mvule

Asante Kisigino, hili lilikuwa linanikaa kooni. Sakafu ya mbao haifutwi kwa maji ya ndoo. Mnaacha mchanga, anakuja mtu na dekio linalochuruzika, mbao zinavimba kwenye maungio, baada ya miezi zinainuka kingo na visigino vinanasa. Kusugua sakafu upya na kupaka vanishi ni kazi ya siku kadhaa ukumbi ukiwa umefungwa, na vanishi ikikoza kung'aa sakafu inakuwa barafu.

Kampala Mbili

Huku kwetu sheria ya 2015 inasema usivute ndani ya mita 50 kutoka mahali pa umma. Mita 50 kwenda, mita 50 kurudi. Mtu anatembea mita 100 za murami, yaani udongo wa changarawe, na soli ya swedi, kisha anakuja kulalamika kwamba viatu vya siku hizi havina ubora.

Rumba Lunga

Kwani huko mnaifuata hiyo mita 50?

Kampala Mbili

Anayeifuata anaharibu viatu, asiyeifuata anaharibu hewa ya mlangoni. Ndiyo maana nasema suala la viatu ni kubwa kuliko la dakika.

Kiuno Huru

Jamani, soli ikilala unaipiga burashi, mambo yanaisha. Hili mmelikuza.

Kisigino

Burashi ipi? Nimeona watu wanasugua kwa burashi ya nguo, wengine kwa kisu. Inatakiwa burashi ya waya mfupi. Unasugua upande mmoja, kisigino kwenda kidoleni, mara nane hadi kumi, unaangalia rangi: soli iliyopona haing'ai, imerudi kuwa ya vumbi. Ukisugua huku na huku unang'oa ngozi. Ukisugua kila wimbo utafika kwenye gundi kabla mwaka haujaisha. Na usisugulie ndani ya ukumbi, lile vumbi linaloanguka ndilo lile lile la tope.

Iliyolowa huigusi. Jaza magazeti ndani ya kiatu, kiweke ubavu kivulini mpaka kesho yake, kisha ndipo burashi. Ukiianika juani ngozi inajikunja na gundi ya ukingoni inaachia.

Mwana Kisauni

Na akina dada wenye visigino vya sentimita saba? Kuna vikofia vya plastiki vya kuvisha kisigino. Vinalinda ncha, na havizami kwenye nyasi.

Dada Foxtroti

Vinalinda kisigino, havilindi soli ya mbele, na kwenye vigae vyenye maji vinateleza vibaya. Dawa ni kuvua. Vaa ndala, toka, vuta, rudi.

Kiuno Huru

Ukiwa na viatu vyenye mkanda na kifungo kidogo kama kichwa cha kiberiti, kuvua na kuvaa gizani si mchezo.

Dada Foxtroti

Wewe hauvai vya mkanda.

Kiuno Huru

Nawasemea wanaovaa.

Tembo wa Vigae

Kumbi zetu nyingi ni vigae au terazo, si mbao. Swedi kwenye terazo iliyosuguliwa ni hatari tupu. Ndiyo maana watu wanatumia ya ngozi ngumu, au wanalowesha soli kidogo makusudi wapate kushika. Kwa hiyo anayetoka nje akarudi na unyevu kidogo anashika vizuri kuliko ninyi mnaolinda viatu kama mayai.

Kisigino

Unyevu wa kitambaa kilichokamuliwa, uliogusa soli nzima sawasawa, ni jambo moja. Unyevu wa uani uko upande mmoja wa soli. Upande mmoja unashika, mwingine unateleza, na kwenye mzunguko goti linabaki nyuma mwili umeshageuka. Gegedu ya goti inachanika hivyo.

Wakongwe wa mashindano hupaka mafuta ya nyonyo kwenye soli na kisigino ili kushika sakafu inayoteleza. Tone mbili kwenye kitambaa, unapangusa, basi. Akizidisha anaacha alama za mafuta kila anapokanyaga na anayemfuata anaanguka.

Tembo wa Vigae

Na unga wa talki?

Mama Mvule

Usiutaje karibu nami. Unga unapeleka tatizo kwa jirani. Unanyunyizwa pembeni ambako wewe unasimama, miguu inausambaza, dakika tano baadaye katikati panateleza na pembeni panashika. Ukikutana na jasho na bia iliyomwagika unakuwa uji, ukikauka unakuwa saruji. Mbao zenye mianya zinaubeba miaka.

Babu Dansi

Zamani unga ulikuwa wa kawaida na watu walicheza mpaka alfajiri.

Mama Mvule

Shikamoo Babu. Walicheza, na fundi wa sakafu alilia.

Mvuke Baridi

Samahani kuingilia, mbona suluhisho liko wazi. Tumieni vepu, sigara ya kielektroniki. Haina majivu, haina harufu ya tumbaku, mtu anavutia palepale kwenye kiti chake, hatoki uani, viatu vinabaki safi, hakuna dakika 45. Mtu mwenye vepu hamna la kumwambia.

Kocha wa Hatua

La kumwambia lipo. Kimiminika cha vepu ni propilini glaikoli na gliserini, pamoja na nikotini na viungo vya ladha. Mishipa na moyo vinapokea nikotini vilevile. Na lile wingu unalolipuliza halipotei, linatua. Ni jamaa moja na maji ya mashine ya moshi ya DJ, na kila mcheza dansi anajua sakafu inavyokuwa mbele ya mashine ile.

DJ Pwani

Sasa mimi nimeingiaje humu? Mlikuwa mnazungumza sigara.

Mashine ya moshi inafanya taa zionekane. Bila moshi taa ya rangi ni doa ukutani. Watu wakija wanapiga picha, ukumbi unajaa, ninyi mnapata pa kucheza. Na maji yake ni ya maji hasa, si mafuta.

Mama Mvule

Kaka DJ, hujaingizwa, umeguswa tu palipo na kidonda. Maji yakikauka glaikoli inabaki. Mashine ikiwekwa chini, mdomo ukiwa umeelekea sakafuni, kipande cha mbele yake kinakuwa na utando unaoteleza, na pua ya mashine inadondosha matone kila inapopiga. Fanya hivi mwisho wa usiku: chukua kitambaa cheupe kikavu, pangusa mbele ya mashine, kisha pangusa pembe ya mbali. Vitambaa viwili vitakuambia.

DJ Pwani

Kitambaa kitakuwa kichafu popote, ukumbi una watu mia.

Kisigino

Uchafu wa vumbi ni mkavu. Huo mwingine unanata kidoleni. Tofauti utaigusa.

Halafu wewe kila wimbo wa taratibu ndipo unapobonyeza. Bachata ya taratibu ndiyo ambayo watu wamekumbatiana na wanapumulia karibu, moshi unawafunika, nusu wanakohoa, na wenye pumu wanatoka nje kusimama na wavutaji wa sigara. Mmewatoa kwenye moshi mkawapeleka kwenye moshi.

DJ Pwani

Umeniita muuaji wa wenye pumu mbele za watu.

Kisigino

Sijakuita hivyo. Nimesema bonyeza kidogo, na si wakati wa bachata.

Tembo wa Vigae

Kuna zile mashine za ukungu mwepesi, za mafuta ya madini. Hizo ndizo zinazoacha utando. Za maji zina nafuu.

Mama Mvule

Zote zinaacha, zinatofautiana kiasi. Iwekwe juu, usawa wa bega au zaidi, mdomo uelekee juu ya vichwa kuelekea feni, mbali na njia ya wachezaji. Chini yake weka trei au kitambaa cha kupokea matone. Asubuhi sakafu ifutwe kwa maji ya uvuguvugu na kitambaa cha maikrofaiba kilichokamuliwa mpaka hakidondoki. Sabuni ya unga hapana, inaacha utando wake nao.

Rumba Lunga

Na shisha? Maana kuna kumbi bado wanaiweka pembeni ya sakafu. Saa moja ya shisha ni sawa na sigara mia.

Kocha wa Hatua

Si sawa hivyo. Shirika la Afya Duniani lilizungumzia kiasi cha moshi unaovutwa kwa kikao kimoja, kwamba chaweza kufikia cha sigara 100 au zaidi. Si kwamba nikotini ni ya sigara 100. Ila kaboni monoksaidi ya makaa ni nyingi, na hiyo ndiyo inayomkaba mcheza dansi. Kenya iliipiga marufuku Desemba 2017, ingawa marufuku hiyo imepingwa mahakamani. Rwanda nao ni Desemba 2017, Tanzania ilikuwa 2016, sasa huko aliye nayo pembeni ya sakafu anavunja sheria, hana cha kujadili na sisi.

Kampala Mbili

Uganda iko kwenye sheria ileile ya 2015. Turudi kwa DJ.

DJ Pwani

Msirudi kwa DJ. Rudini kwa sigara.

Mratibu wa Jumamosi

Naunga mkono. Nimeuliza dakika ngapi, nimepata unga, nyonyo na mashine. Na kuna jambo nilisema vibaya pale juu, kwamba sheria imemaliza suala la kuvuta ndani. Kenya na Tanzania sheria inaruhusu eneo maalumu la kuvutia, kwa masharti. Kama ukumbi una chumba hicho, mtu anavuta mita tano kutoka sakafuni bila kukanyaga uani. Je, dakika 45 zinamhusu na yeye?

Dada Foxtroti

Zinamhusu zaidi. Nje upepo unaondoa sehemu ya moshi kwenye nguo. Kwenye chumba anakaa ndani ya moshi wa wenzake kumi, anatoka nywele na koti vimelowa harufu ya sigara kumi wakati amevuta moja. Na mlango wa chumba ukifunguliwa kila dakika, moshi unatoka naye.

Mama Mvule

Ila viatu vinabaki vikavu.

Dada Foxtroti

Mama, viatu tena?

Mama Mvule

Nasema ukweli. Kwa sakafu, chumba ni bora. Kwa pua, uani ni bora.

Mwana Kisauni

Mtu mwingine asiyesemwa humu ni mgeni anayeanza. Wanaoongoza wazuri wengi wanatoka pamoja kuvuta, na mazungumzo ya hatua, ya nani anafundisha wapi, yanafanyika kule nje. Anayeanza anawafuata ili asikie, baada ya miezi anashika sigara ili asionekane mgeni. Na ndani wanaofuata wamekaa vitini kwa sababu wanaoongoza hawapo. Mkiwafungia wavutaji dakika 45, mmewaongezea muda wa kukaa kule, na mgeni atawafuata.

Kocha wa Hatua

Hili ni zito. Kanuni ya 45 itanikosesha wanaoongoza kwa saa nzima. Kwenye darasa la watu ishirini ukikosa wanne wanaoongoza, wanne wanaofuata wanacheza na hewa.

Kiuno Huru

Ndiyo nilichosema tangu mwanzo kwa hesabu, mkanipeleka kwenye viatu.

Babu Dansi

Zamani asiyetaka kucheza na mtu alisema amechoka, akakaa wimbo huo. Yatosha.

Dada Foxtroti

Haitoshi, Babu. Kwa desturi ukimkataa mmoja huwezi kumkubali mwingine kwenye wimbo uleule. Kwa hiyo mwanamke anayekimbia harufu ya mtu mmoja anapoteza wimbo mzima, na akikataa watatu anaonekana anaringa. Ninachotaka ni ruhusa ya kusema "wewe umetoka kuvuta, niombe baadaye" bila kuhesabiwa kwamba nimekataa, na bila kukaa kitini. Hiyo mkinipa, dakika zenu kaeni nazo.

Mratibu wa Jumamosi

Hiyo naweza kuitangaza kabla ya wimbo wa kwanza. Kiuno Huru, wewe utaikubali?

Kiuno Huru

Nitaikubali. Kuvua viatu, kuvaa ndala, kutoka, kuvuta, kurudi, kuvaa, hapo robo saa imekwenda. Niwekeeni benchi la kukalia mlangoni na taa, nione kifungo.

Kisigino

Na zulia la mita mbili kabla ya mlango, la kamba ngumu. Burashi ya waya ifungwe kwa mnyororo upande wa nje, isiingie ndani.

Dada Foxtroti

Na sabuni chooni. Mkono wa kushoto.

DJ Pwani

Mama Mvule, hiyo trei ya matone iwe ya bati au plastiki inafaa?

Mama Mvule

Yoyote yenye ukingo, ila mashine ikiwa juu ifunge kwa mkanda, na trei iwekewe kitambaa ndani. Tone likianguka kwenye bati tupu linaruka.